Usimlee Kulwa kwa Kumtazama Doto

Mama mwenye mapacha wa kufanana hapandi daladala bila kuhojiwa. Mkubwa yupi? Mtundu yupi? Huyu mbona mwembamba, hanyonyi? Anayemuuliza hana nia mbaya, na mama amechoka, basi anajibu ili yaishe: huyu mpole, yule ndiye msumbufu. Watoto wenyewe wamepakatwa hapo hapo, na wakishafika miaka mitatu hakuna neno linalowapita. Jibu lile lile litarudiwa kwa bibi, kwa jirani, kwa mwalimu wa chekechea, mpaka mmoja awe mpole kwa sababu nafasi ya utundu imeshachukuliwa.

Wazazi wengi wa mapacha wakiuliza habari za afya ya akili, wanachoogopa ni damu: kwamba waliogawana yai moja watagawana na maradhi. Damu ina sehemu yake, nitaifikia. Ila mimi naona watoto wengi zaidi wanaumizwa na midomo ya watu wazima kuliko na damu, na habari njema ni kwamba mdomo unaweza kuzuiwa.

Kwanza tuondoe hofu. Mapacha wa kufanana hutoka katika yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika. Hutokea takribani mara 4 katika kila uzazi 1,000, karibu sawa duniani kote, tofauti na mapacha wasiofanana ambao huzidi katika baadhi ya koo na nchi. Kuwa pacha si ugonjwa wala si dalili ya ugonjwa. Watafiti wa Denmark, nchi yenye daftari la mapacha la miaka mingi, walifuatilia kumbukumbu za miaka 51 na kuchapisha matokeo mwaka 2003: mapacha walijiua kwa kiwango cha chini kuliko watu wengine. Inaelekea kuwa na mtu anayekujua tangu tumboni ni kinga. Anayekwambia kwamba mapacha “wana mambo yao” msikilize kwa adabu, kisha endelea na shughuli zako.

Wala si mtu mmoja aliyerudiwa. Alama za vidole vyao hazilingani. Mwaka 2021 wanasayansi wa Iceland walionyesha kwamba hata vinasaba vyao hupishana kidogo: kwa wastani pacha wa kufanana hutofautiana kwa mabadiliko 5.2 yaliyotokea mapema sana tumboni. Hata kabla ya kuzaliwa, basi, wameshaanza kuachana njia.

Majina yetu mengi ya mapacha yanafuata foleni ya kuzaliwa. Wasukuma na Wanyamwezi wana Kulwa na Doto, Wajaluo Opiyo na Odongo, Waganda Wasswa na Kato, Warundi Bukuru na Butoyi, Waluba wa Kongo Mbuyi na Kabanga. Sina ugomvi na majina hayo, ni mazuri na yana heshima zake. Ugomvi wangu ni kazi tunazoyabebesha. Aliyetangulia kwa dakika kumi anakuwa kaka mtu au dada mtu: ndiye anashikishwa nauli, ndiye anaulizwa mwenzake yuko wapi, ndiye anasutwa wakikosea wote. Aliyefuata anazoea kubebwa. René Zazzo, mwanasaikolojia wa Ufaransa aliyetumia miaka mingi kuwachunguza mapacha, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba watoto hawa wenye damu moja na nyumba moja hutofautiana kwa sababu wanaishi wawili wawili: wanagawana nafasi, mmoja akawa msemaji na mwingine msemewa. Kugawana huko hakukatazwi, na kwingine kunasaidia. Ubaya ni pale watu wazima wanapoupigilia mgawo huo misumari.

Hapa nina zoezi, na kama huna muda wa kusoma makala yote, soma hili tu. Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walizitembelea familia za mapacha huko Uingereza na Wales watoto wakiwa na miaka 5. Walimwomba mama amzungumzie kila mtoto kwa dakika tano bila kukatizwa, wakarekodi. Miaka miwili baadaye wakatazama tabia za watoto, walimu nao wakaulizwa. Katika jozi 565 za mapacha wa kufanana, pacha aliyezungumzwa kwa uchungu mwingi na upendo mchache ndiye aliyekuwa na ugomvi na ukaidi zaidi kuliko mwenzake, hata baada ya kuzingatia jinsi kila mmoja alivyokuwa mwanzo. Vinasaba vile vile, nyumba ile ile, mama yule yule. Kilichopishana ni namna mama alivyowaona.

Fanya hivyo hivyo. Washa kinasa sauti cha simu watoto wakiwa wamelala, mzungumzie Doto peke yake kwa dakika tano. Siku nyingine mzungumzie Kulwa. Kisha sikiliza. Wengi watajisikia wakisema hivi: “Doto anapenda sana kuchora, yaani si kama Kulwa, Kulwa ukimtuma dukani anarudi na chenji yote, huyu sasa atasimama njiani kutazama mafundi…” Umeona? Sekunde chache tu Kulwa ameshaingia, na kipaji cha Doto kimegeuka kasoro. Hesabu umetaja “mwenzake” mara ngapi na “kuliko” mara ngapi. Ukishindwa kufikisha dakika tano bila kumwita yule mwingine, huna haja ya kujilaumu. Ina maana tu kwamba mtoto mmoja bado hujamjua, na dawa ya kumjua mtu ni kukaa naye.

Kukaa naye peke yake, maana yangu. Kwa mzazi wa mapacha hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwani tangu siku ya kwanza kila kitu ni viwili viwili na kulala ni kwa kuibia. Lakini sisi tuna watu. Bibi yupo, mama mdogo yupo, dada wa kazi, shemeji, mtoto wa jirani aliyemaliza shule. Mtumie mmoja wao abaki na Doto wakati wewe unakwenda gengeni na Kulwa. Kesho mbadilishane. Njiani huna la maana la kufundisha: mtajie nyanya, mwulize tumnunulie nani muwa, mwache abebe vitunguu. Ni hapo anapojifunza kwamba akisema, anajibiwa yeye.

Na lugha yake inakua hapo hapo. Mapacha huchelewa kidogo kuongea, na watu wengi hudhani ni kwa sababu wengi wao huzaliwa njiti. Michael Rutter na wenzake huko Uingereza walilichunguza hilo na mwaka 2003 wakaeleza kwamba mapacha walikuwa nyuma ya watoto wa kawaida kwa miezi 1.7 walipokuwa na umri wa miezi 20, na kwa miezi 3.1 walipofika miezi 36. Matatizo ya uzazi hayakueleza pengo hilo. Lililolieleza ni jinsi mama alivyozungumza na kila mtoto. Mwenye wawili husema “njooni”, “acheni”, “kaeni chini”, mwenye mmoja husema “ehe, kisha paka akafanyaje?” Pengo hilo si kubwa, na si la kukukosesha usingizi, lakini ukiachia mambo yajiendee linakua. Ikiwa mtoto wa miaka miwili hana maneno kabisa, au hageuki akiitwa, mpeleke akapimwe masikio, usisubiri eti kwa sababu ni pacha.

Kuna na maneno yao wenyewe, yale wanayoelewana wawili tu. Usiwapige kwa ajili yake, na usiwarekodi kuwachezesha TikTok. Alexander Luria na Faina Yudovich waliandika juu ya mapacha wawili wa kiume wa Urusi, wenye miaka mitano, ambao siku nzima waliongea wao kwa wao na nje yao hawakueleweka. Waliwekwa katika vikundi viwili tofauti vya chekechea. Baada ya miezi mitatu kila mmoja alikuwa anazungumza na wenzake, anapanga michezo, anasimulia. Hawakuhitaji dawa. Walihitaji mtu wa tatu wa kuongea naye.

Sare? Wavalishe mnavyopenda wakiwa wachanga, picha zinapendeza. Wakianza kuchagua, waache wachague, hata wakichagua kufanana.

Shuleni ndiko ushauri unapogongana. Wapo walimu wanaoamini kwamba mapacha lazima watenganishwe madarasa, na wapo wazazi wanaoliona hilo ni ukatili. Utafiti wa Lucy Tully na wenzake uliochapishwa mwaka 2004, tena kwa mapacha wa Uingereza, uligundua kwamba waliotenganishwa mapema walionyesha wasiwasi na huzuni zaidi kuliko walioachwa pamoja, na hasa wale wa kufanana. Hapo nakubaliana na wazazi kwa miaka ya mwanzo: mtoto anayeanza shule leo hana haja ya kuwapoteza mama na pacha wake asubuhi moja. Lakini mwaka hadi mwaka uulize upya. Mmoja akiwa anamfanyia mwenzake hesabu, au mmoja hajibu mpaka atazame uso wa mwingine, watenge polepole. Shule yenye mkondo mmoja haikunyimi njia: madawati tofauti, makundi tofauti, mmoja mpira na mwingine kwaya. Na mwombe mwalimu mambo mawili. Ajifunze kuwatofautisha, hata kwa kovu au kwa kamba ya viatu, kwani “ninyi wawili” si jina la mtu. Na asiwaadhibu wote kwa kosa la mmoja kwa sababu tu hajui ni yupi.

Siku itakayouma ni ile ya matokeo. Mmoja amechaguliwa shule ya vipaji, mwingine ya kata, au mmoja amefaulu na mwingine la. Ndugu wa kawaida hupishana miaka, kwa hiyo aibu hupata nafasi ya kupoa. Mapacha hupokea matokeo siku moja, kwenye simu moja, mbele ya mjomba yule yule. Tangulia. Kabla matokeo hayajatoka, mwambie kila mmoja peke yake kwamba wanaweza kupishana na nini kitafanyika wakipishana. Yakitoka, usimnyime aliyefaulu pongezi zake kwa kumwonea huruma mwenzake. Atajifunza kuficha uwezo, na wapo mapacha wanaoweza hata kufeli kwa makusudi ili wasiachane. Usimwambie aliyekosa “mbona mwenzako ameweza”. Sentensi hiyo ina ukweli wa kutosha kumkata mtoto vipande, kwani kweli wana ubongo unaofanana, na yeye ameshajiuliza swali hilo kabla yako.

Watu huniuliza: ukaribu kiasi gani ni wa kawaida? Hakuna kipimo. Tazama jozi mbili za mapacha waliozaliwa wameungana, ambao wote ni wa kufanana. Ladan na Laleh Bijani wa Iran, walioungana vichwa, walitaka maisha tofauti kiasi cha kukubali upasuaji waliojua ungeweza kuwaua, na wakafariki Singapore tarehe 8 Julai 2003 wakiwa na miaka 29. Maria na Consolata Mwakikuti wetu, waliozaliwa Makete mwaka 1996 na kufika hadi chuo kikuu Iringa, walisema hawataki kutenganishwa. Walifariki pamoja tarehe 2 Juni 2018. Sioni nani kati yao alikosea. Ukaribu unakuwa tatizo pale unapofunga mlango: hawana rafiki mwingine hata mmoja, mmoja anaamua yote na mwingine anaogopa, au wamenyamazia watu wote.

Hilo la kunyamaza lina kisa chake. June na Jennifer Gibbons walizaliwa Aden mwaka 1963 kwa wazazi kutoka Barbados, wakakulia Wales katika mji ambao watoto weusi walikuwa wa kuhesabika. Walionewa shuleni, wakaanza kuzungumza wao kwa wao tu. Wataalamu wakajaribu kuwapeleka shule mbili tofauti, hali ikazidi kuwa mbaya. Baadaye waliandika hadithi, wakaiba, wakachoma majengo, na wakafungiwa hospitali ya Broadmoor miaka 11. Jennifer alifariki mwaka 1993 siku walipokuwa wanahamishwa kutoka huko. Wengi husimulia kisa hiki kama maajabu ya mapacha. Mimi nakisoma kama kisa cha uonevu uliopuuzwa. Watoto wako wakijifungia ndani ya jozi yao, kabla hujawatenganisha, tafuta nani anawatisha huko nje.

Sasa damu. Mfano unaotolewa mara nyingi ni skizofrenia, ugonjwa unaompata takribani mtu mmoja kati ya mia. Mmoja wa mapacha wa kufanana akiugua, tafiti mbalimbali zinaonyesha kwamba mwenzake huugua pia katika theluthi moja hadi nusu ya jozi. Hatari hiyo ni kubwa, sitaipunguza kwa maneno matamu. Lakini isome na upande wa pili: nusu au zaidi hawaugui, ingawa vinasaba ni vile vile. Kwa sonona mkono wa urithi ni mfupi zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2000 uliounganisha tafiti za mapacha ulikadiria kwamba urithi unaeleza takribani asilimia 37 ya tofauti kati ya watu. Yaliyobaki ni maisha: misiba, kipigo, upweke, kazi, mapenzi.

Kwa hiyo mmoja akiugua, fanya mambo haya. Mpeleke kituo cha afya mapema. Kutoka hapo wataelekeza, iwe Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Butabika ya Kampala. Anayetaka kuombewa na aombewe, na vidonge avimeze. Yule mzima mweleze hatari yake bila kumtisha, mkataze bangi kwa ukali wote ulio nao, na umwambie dalili za kukimbilia msaada: kukosa usingizi siku nyingi, kusikia sauti, kuwashuku watu wote. Halafu mwachie maisha yake. Usimfanye mlinzi wa mgonjwa wala usimtazame kila akicheka peke yake. Anabeba mzigo mwingine usiouona, ule wa kujiuliza kwa nini yeye na si mimi.

Na mkifika kwa daktari au mshauri nasaha, omba kila mmoja aonwe peke yake. Mapacha husemeana. Mmoja ataulizwa kama analala vizuri, mwingine atajibu “tunalala”. Mtoto anayeogopa kusema nyumbani anaweza kupiga simu ya bure 116, Tanzania, Kenya na Uganda.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juu juu, na kwetu liko kila mtaa. Christiaan Monden na Jeroen Smits walikokotoa mwaka 2017 kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara, kwa takwimu za miaka ya 2009 hadi 2014, mapacha 213 kati ya 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Ni mmoja kati ya watano. Familia zetu, basi, zina mapacha wengi wanaolelewa mmoja mmoja, na tunajua jinsi msiba ule unavyozimwa: shukuru Mungu, amekubakizia mmoja. Mama anatakiwa kulia na kushukuru kwa pumzi moja, na mtoto aliyebaki haambiwi kitu.

Mwambie. Asisikie kwa jirani akiwa na miaka tisa kwamba alikuwa na mwenzake, tena kwa maneno kama “huyu ndiye aliyemmaliza tumboni”. Mtaje marehemu kwa jina lake. Aliyebaki asiitwe kwa jina hilo hata kwa kuteleza, na asipangiwe kusomea udaktari kwa niaba ya mtu aliyezikwa. Kwa mapacha wa kufanana kuna jambo zito zaidi: uso wa marehemu unakaa mezani kila siku. Anakua, na mama akimtazama machozi yanamtoka, na mtoto anasoma kwamba yeye ndiye anayemliza mama. Neno la kumwambia ni fupi: “Nalia kwa ajili ya mwenzako. Wewe nakufurahia.” Lirudie mwaka hadi mwaka, hasa siku ya kuzaliwa, kwani ni ya wote wawili. Anayefiwa na pacha ukubwani naye asihimizwe kusahau baada ya arobaini. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliofiwa na pacha walipata maradhi ya akili zaidi kuliko wengine, na waliofiwa na pacha wa kufanana walizidi.

Wasisahaulike waliobaki nyumbani. Mtoto aliyetangulia mapacha, na Shija anayewafuata, huishi pembeni ya sherehe ya watu wawili; nao wana haki ya dakika zao. Na mama. Kina mama wa mapacha hupata sonona baada ya kujifungua zaidi ya wenye mtoto mmoja, na haishangazi. Kama miezi imepita, bado unalia bila sababu, au unawatazama watoto kana kwamba ni wa mtu mwingine, mwambie muuguzi siku ya kliniki. Husemi kwamba huwapendi. Unasema unaumwa, na huo ni ugonjwa unaotibika.

Akina baba, nimewaacha makusudi hadi mwisho. Katika nyumba yenye mapacha, mtu wa pili wa kubeba mtoto wa pili ni wewe. Jumamosi hii mchukue Doto, mwende kunyoa, mkae kwenye benchi mkisubiri zamu, umsikilize anachosema. Jumamosi ijayo mchukue Kulwa. Nakuomba usingoje wakue.